Msemaji wa Wananchi Naye Alipwe

Kampuni ya umeme ikitaka kupandisha bei, haiendi barazani mikono mitupu. Huenda na mawakili, wahasibu na mainjinia, na makabrasha ya kujaza meza. Upande wa pili huketi mwananchi aliyeacha kazi yake nusu siku, apewe dakika chache za kusema, kisha arudi nyumbani. Mashindano ya namna hii huwa yamekwisha kabla hayajaanza.

Wako wanaosema jambo hili halina dawa. Sisi twasema inayo, na hata nchi ya mabepari imeiona. Katika jimbo la California, Marekani, sheria ya tangu mwaka 1984 huwaruhusu wasemaji wa wanunuzi kulipwa kwa saa walizofanya kazi mbele ya Tume ya Huduma za Umma. Mojawapo ya vyama vinavyolipwa hivyo ni TURN, kilichoanzishwa mwaka 1973 na Bibi Sylvia Siegel.

Masharti yake si mepesi. Msemaji lazima aonyeshe kwamba gharama za shauri zingemlemea, na kwamba hoja zake ziliisaidia Tume kweli katika uamuzi wake. Saa zake huziandika moja moja. Asiyesaidia kitu hapati kitu.

Lakini kiini cha jambo ni hiki: saa moja ina thamani gani? Sheria ya California yasema ujira ufuate bei ya soko kwa watu wa elimu na uzoefu kama huo, wala usizidi ule unaolipwa na Tume au na kampuni, wowote ulio mkubwa. Desemba 2020 Tume ilipitisha viwango vipya baada ya kuchunguza soko, vikapangwa kwa aina ya kazi na miaka ya uzoefu. Basi wakili wa wanunuzi hapewi sadaka. Hupimwa kwa mizani ile ile ya wakili wa kampuni.

Tutaambiwa kwamba fedha hiyo hutoka kwa wanunuzi wenyewe, kwa kuwa kampuni hulipa, kisha huiingiza katika bei. Ni kweli. Lakini mawakili wa kampuni nao hulipwa na nani? Ni wanunuzi hao hao! Ikiwa twamlipa anayetaka bei ipande, kwa nini tuone uchungu kumlipa anayeizuia?

Kasoro ipo. Malipo huja baada ya uamuzi. Sheria yaipa Tume siku 75 kujibu dai, na mwaka 2013 Mkaguzi wa jimbo alikuta kwamba mara nyingi siku hizo zilipita. Njaa haingoji mkutano wa Tume.

Nasi Tanzania tujifunze. Sheria ya EWURA ya mwaka 2001 ilitupa Baraza la Ushauri la Watumiaji. Ni jambo jema, tulilinde. Lakini baraza moja haliwezi kuwa mdomo wa kila mtu. Chama cha ushirika au cha wafanyakazi kikitaka kumleta mhasibu wake kuzipinga hesabu za kampuni, kitamlipa kwa fedha gani? Mkono mtupu haulambwi.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Sheria itamke haki ya malipo hayo. Viwango vya saa vikatwe hadharani kwa kufuata soko, si kwa hisani ya mkubwa. Na sehemu ya malipo itolewe mapema, ili mnyonge asishindwe kwa kukosa nauli.