Altrasaundi Si ya Wajawazito Peke Yao

Akina mama wengi wa Kigoma na Ujiji wanaifahamu mashine ya altrasaundi. Wamepakwa ute wa baridi tumboni, wakaonyeshwa mtoto akicheza. Mwezi huu twapenda kusema kwamba mashine hiyo hiyo yaweza kutazama misuli ya mtoto aliyekwisha kuzaliwa, na tunaona yafaa itumike zaidi kwa kazi hiyo.

Tunayemfikiria ni mvulana wa miaka minne au mitano. Huanguka mara kwa mara, huachwa nyuma na wenzake kwenye mwinuko, na akitaka kuinuka huegemeza mikono juu ya mapaja yake mwenyewe. Vigimbi vyake ni vikubwa, hata watu wa mwaloni Kibirizi humsifu kwamba atakuwa mvuvi hodari. (Si kila kigimbi kikubwa ni ugonjwa, vilima vyetu navyo hujenga miguu.) Lakini dalili hizo zikikutana, yafaa kuufikiria ugonjwa wa kudhoofika misuli uitwao Duchenne, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza kwa kina mwaka 1868. Misuli hufa kidogo kidogo, na nafasi yake hushikwa na mafuta na nyuzi ngumu. Ndiyo sababu mguu hunenepa huku nguvu zikipungua. Bila matibabu, wengi huacha kutembea kabla ya kufika miaka 13, na baadaye moyo na pumzi hudhoofika. Hakuna jirani aliyemroga, wala mama hana hatia: ni hitilafu ya urithi, na pengine huanza kwa mtoto mwenyewe.

Eksirei huonyesha mifupa vizuri, misuli si sana. Altrasaundi hutuma sauti tusiyoisikia na kupokea mwangwi wake. Msuli mzima huonekana mweusi wenye mistari myembamba myeupe, na mfupa ulio chini yake hung'aa. Msuli uliojaa mafuta na nyuzi huwa mweupe kama ukungu wa ziwani asubuhi, na mfupa hufifia au kupotea kabisa. Mwaka 1982 daktari Heckmatt na wenzake, huko London, waliugawa weupe huo katika ngazi nne, na ngazi hizo hutumika hadi leo. Mtoto haumizwi wala hachomwi sindano.

Iko pia mashine kubwa ya sumaku, MRI, iwezayo kukadiria kwa asilimia mafuta yaliyomo katika kila msuli. Ni nzuri kupita altrasaundi. Lakini kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli, na familia ya Kalya huanza safari hiyo kwa mashua. Kumwambia mzazi huyo asubiri MRI kabla ya kufanya lolote, tunaona si haki.

Hatusemi picha peke yake yatosha. Mtoto akiwa mdogo sana yaweza kuonekana safi na ugonjwa upo. Kwa hiyo mzazi aombe kwanza kipimo cha damu cha kreatini kinase, ambacho katika ugonjwa huu hupanda mara nyingi kupita kawaida. Uthibitisho hutolewa na kipimo cha vinasaba, na sampuli yaweza kusafiri badala ya mtoto.

Haraka hii ina sababu. Tangu utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1989 inajulikana kwamba dawa za jamii ya prednisoloni husaidia kutunza nguvu za misuli, nazo hufaa zaidi zikianzwa mtoto angali anatembea. Hazianzwi wala haziachwi bila daktari, kwani madhara yake si madogo.

Mzazi akifika Maweni au hospitali nyingine yenye altrasaundi, asione haya kuuliza kama mapaja na vigimbi vya mtoto vyaweza kutazamwa. Picha aitunze pamoja na kadi ya kliniki, ikiandikwa tarehe na mguu uliopigwa, kulia au kushoto. Baada ya mwaka daktari atataka kuilinganisha na nyingine ya mguu ule ule.