Vidoa vya Mdomoni Visigeuzwe Kipimo cha Damu

Kijana akiuvuta mdomo wa juu mbele ya kioo, vidoa vidogo vyeupe vyenye umanjano hujitokeza, vikubwa vyake vikiwa na upana wa milimita 2 au 3. Haviumi, haviwashi, haviambukizi. Hata hivyo wapo wanaovidhania ugonjwa wa zinaa, wakavisugua kwa ndimu na chumvi hadi mdomo ukachubuka. Mateso ya bure kabisa.

Vidoa hivi huitwa kwa jina la John Addison Fordyce, daktari wa ngozi wa Marekani aliyevieleza mwaka 1896. Ni tezi za mafuta, aina ileile inayolainisha nywele, ila hizi zimeota pasipo na unywele. Watu wazima walio wengi wanazo.

Je, zinasema lolote kuhusu mafuta ya damu? Mwaka 2014 watafiti katika Umoja wa Falme za Kiarabu walichapisha matokeo yaliyohusisha wingi wa vidoa hivyo na mafuta mengi kwenye damu. Jambo hilo linastahili kuchunguzwa zaidi, lakini halitoshi kumtia mtu hofu. Tezi hizi hutengeneza mafuta yake zenyewe, zikichochewa na homoni za balehe. Si mafuta ya damu yaliyovujia mdomoni. Tena vidoa huonekana zaidi umri ukisonga, na kolesteroli nayo hupanda na umri. Kuonekana pamoja si kusababishana.

Kuhusu alama za ngozi zinazoweza kuashiria hatari ya moyo, ushahidi wenye uzito uko kwenye kope. Huko Copenhagen, Denmark, watu zaidi ya 12,000 walifuatiliwa tangu miaka ya 1970, na matokeo yakatolewa mwaka 2011: wenye mabaka ya manjano kwenye kope walipata mshtuko wa moyo zaidi ya wenzao. Kwa vidoa vya mdomoni, hakuna ufuatiliaji wa kiasi hicho.

Hatari kubwa zaidi ni mtu kujiona salama kwa sababu mdomo wake hauna doa. Kolesteroli hupanda kimyakimya. Mwenye kisukari, presha, mvutaji sigara, au ambaye baba yake alipata mshtuko wa moyo kabla ya uzee, apimwe damu, awe na vidoa au asiwe navyo. Na daktari wa meno akikutana na mtu wa namna hiyo, amuulize alipima lini mara ya mwisho, kisha amwelekeze maabara.