Tope la Al Khoudh na Kompyuta Inayosikiliza Maji

Wadi ikishuka, sisi wa Maskati hukimbilia kupiga picha za maji. Tope hatulitazami, na tope ndilo linalokula bwawa. Bwawa la Al Khoudh lilijengwa mwaka 1985 ili kuyazuia mafuriko kwa muda, kisha kuyaachia taratibu yazame ardhini, visima vya Batinah vipate maji na chumvi ya bahari irudi nyuma. Lakini kila mafuriko huacha tabaka la udongo laini. Nafasi inapungua, na baya zaidi, udongo ule unaziba njia za kuzamia, maji yanabaki juu na jua linayachukua.

Limeingia tope kiasi gani? Njia ya zamani ni kuteka maji kwa chupa, kuyachuja, kukausha na kupima kwa mizani. Lakini nani atasimama na chupa wadi ikishuka usiku?

Wamarekani, kwenye mto Colorado ndani ya Grand Canyon, hutumia sauti. Chombo kilichozamishwa majini hupiga mlio tusioweza kuusikia, kila baada ya dakika 15, kikasikiliza mwangwi. Mchanga huurudisha mlio. Udongo laini huumeza njiani. Hapo pana mtego: mwangwi hafifu huweza kuwa maji safi, au maji mazito mno. Ndiyo maana hupiga milio ya masafa mbalimbali. Siku hizi watafiti huipa kompyuta mianguko hiyo ya sauti pamoja na majibu ya chupa, ijifunze uhusiano wake, kisha ikadirie yenyewe pasipo chupa.

Mimi nilikuwa karani, na hili naliona kama leja. Colorado hutiririka mwaka mzima, kurasa zake zimejaa. Wadi yetu hupita siku chache tu, na mafuriko kama ya Gonu, Juni 2007, ndiyo yaletayo tope jingi na ndiyo magumu kuyateka. Kompyuta itatoa nambari bila kusita, hata kwa jambo ambalo haijapata kuliona.

Sisemi vyombo visinunuliwe. Nasema vije pamoja na mashine za kuteka maji zenyewe, na karani hafungi hesabu kabla ya kuhesabu fedha za sandukuni. Sanduku letu ni sakafu ya bwawa. Maji yakikauka, tope lililolala pale, ukijumlisha na lililopita milangoni, lazima lilingane na nambari ya kompyuta.