ASKARI NA ELIMU YA MIONZI

Mwezi wa Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, watu wawili waliingia katika jengo la matibabu lililohamwa, wakang'oa sehemu ya mashine ya kutibia saratani, na hatimaye ikauzwa kama chuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa sesiamu uliong'aa buluu gizani. Watu waliustaajabia, wakagawiana, na wengine wakajipaka mwilini. Wanne walifariki. Kati ya watu wapatao 112,000 waliopimwa, 249 walikutwa na uchafu wa unga huo.

Mtoto wa miaka 6 alipozikwa, umati ulirusha mawe ukitaka kuzuia maziko, ingawa jeneza lilikingwa kwa madini ya risasi. Hayo ni makosa mawili yaliyozaliwa na ujinga mmoja: kutoogopa panapostahili hofu, na kuogopa pasipostahili.

Ujinga huo hauwahusu wasiosoma peke yao. Katika miaka ya 1980 na 1990, wachunguzi wa elimu wa Uholanzi na Uingereza walibaini kwamba wanafunzi wengi huchanganya mionzi na kitu kinachoitoa. Wengi hudhani kwamba kila kilichopigwa na mionzi nacho hugeuka kuwa chenye kutoa mionzi.

Sisi twasema, mwalimu na aanze na taa ya chemli. Mwanga wake ukikuangukia, taa ikizimwa hubaki na mwanga mwilini. Lakini masizi yake yakikupaka, utatembea nayo na kuwapaka wenzako. Aliyepigwa picha ya eksirei ameangukiwa na mwanga tu; aliyejipaka sesiamu amebeba masizi yenyewe.

Kwa askari, somo hili si la mtihani. Ndiye atakayefika kwanza ajali itokeapo, au atakayekuta chuma kizito chenye alama ya mapanga matatu meusi juu ya rangi ya manjano. Asikiguse. Awasogeze watu mbali, apunguze muda wa kukaa karibu, na aite wataalamu. Wala asimtelekeze majeruhi kwa hofu. Kuokoa maisha hutangulia, na masizi mengi huondoka kwa kuvua nguo na kuoga.

Twawasihi wakufunzi wa vyuo vya jeshi na polisi: msiridhike kurutu anapokariri majina ya mionzi. Mwulizeni tofauti ya mwanga na masizi. Akiijua, raia watakuwa salama mikononi mwake.