Si Kila 'Virtual' ni Pepe

Wanaounda istilahi za kompyuta kwa Kiswahili aghalabu huanzia kwenye kamusi. Laiti wangeanzia kwenye kazi ya kitu chenyewe! Chukua neno 'virtual' lilivyo katika lugha ya programu ya C++. Mwenye kamusi atashawishika kulifasiri 'pepe' au 'dhahania', na hapo atakuwa amempotosha mwanafunzi kabla somo halijaanza.

Tuseme mtunzi wa programu ameunda ngeli iitwayo Chombo (nasema ngeli kwa kuwa nayo huainisha vitu na kuvipa tabia za pamoja, jambo ambalo sisi wa sarufi hatuhitaji kufunzwa). Kisha ngeli za Jahazi na Meli zikairithi, kama mtoto arithivyo sura wala si shamba, maana mzazi angali hai. Chombo kina kitendo cha kung'oa nanga. Jahazi hukitekeleza kwa kutweka tanga, Meli kwa kuwasha injini. Sasa programu inalishika jahazi kupitia kielekezi cha Chombo na kuliamuru ling'oe nanga. Iwapo kitendo hicho hakikutangazwa kuwa 'virtual' katika ngeli mzazi, C++ hufuata maagizo ya mzazi, na tanga halitwekwi kamwe ijapokuwa maagizo yake yameandikwa. Kikitangazwa, uamuzi huahirishwa hadi programu inapotenda kazi, na jahazi likaitika kijahazi.

Pana upepe gani hapo? Kitendo ni halisi, na hata cha mzazi chaweza kufanya kazi barabara. 'Dhahania' nayo ina mahali pake: twaihitaji kwa ngeli isiyoweza kuundiwa kitu moja kwa moja, dhana jirani lakini tofauti.

Neno hilo lilitumiwa katika Simula 67, lugha ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norway. Bjarne Stroustrup akaitia dhana hiyo katika C++ mwaka wa 1983. Waundaji wa Java hawakulihitaji neno hilo, kwani vitendo vyake vya kawaida huwa hivyo bila kutangazwa. Nasi hatulazimiki kulifuata.

Napendekeza 'kitendo badilifu'. Wapo watakaosema kwamba 'badilifu' hudokeza ukigeugeu, na hoja yao ina uzito. Mwenye neno bora na alilete, mradi alijaribu kwanza kwa jahazi na meli.