Hosti Akikusumbua, Hama. Lakini Toka na Funguo Zako

Wasee, leo sina udaku. Naongea juu ya hosti, ile kampuni unalipa kila mwaka ndio wavuti yako ikae hewani. Na maoni yangu ni haya: hosti mbaya haogopi hasira yako. Haogopi tiketi zako kumi na mbili, na haogopi ukimtaja X saa sita usiku. Anaogopa kitu moja tu, mteja anayeweza kuhama kesho asubuhi bila kumwomba ruhusa. Kama wewe si huyo mteja, utasumbuliwa mpaka uzoee.

Kwa wale ndio wanaanza, wacha niweke wazi. Wavuti ni mafaili. Hayo mafaili yanakaa kwa kompyuta inaitwa seva, haizimwi usiku na mchana, na hosti anakukodishia nafasi humo. Domeni ni kitu tofauti: ni lile jina watu wanaandika ndio wakufikie. Ukitaka picha, hosti ni keja, domeni ni kibao cha jina mlangoni. Unaweza kubadilisha keja na ubaki na kibao chako. Shikilia hiyo, itakuja kukusaidia hapo mbele.

Sasa mbona nimechemka? Kwa sababu mimi sina digrii. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikuwa imekataa kabisa, na sijarudi. Msee wa ofisi huko Westlands akiniuliza nimefanya nini na maisha yangu, sina karatasi ya kumwonyesha. Niko na wavuti. Kuna picha na video za nganya za Eastlands kwa miaka minne: za Umoja, za Kayole 19/60, za Buruburu 58. Na unajua nganya venye iko. Leo ina sura ya mchezaji mpira mgongoni, mwezi ujao imeingia gereji, imetoka na rangi nyingine kabisa. Ile picha ya kwanza ikipotea, hiyo nganya imekufa. Kwa hivyo wavuti ikianguka, kwangu hiyo si shida ya kompyuta. Ni kama mtu amechana cheti changu.

Hosti wangu wa zamani, sitamtaja, aliniuzia kifurushi cha "bila kikomo". Nafasi bila kikomo, wageni bila kikomo, kila kitu bila kikomo. Bei ya mwaka wa kwanza ilikuwa tamu. Mwaka wa pili ikaruka karibu mara tatu, na notisi ikanifikia siku nne kabla ya tarehe ya kulipa. Kisha wavuti ikaanza kuzimika jioni, saa zile watu wametoka kazi na wako kwa simu. Halafu siku moja kampuni ilikuwa inataka kuona kazi yangu kabla ya kunipa tenda ya video. Wakafungua linki, wakapata bango jeupe: akaunti hii imesimamishwa. Nilipouliza kwa nini, nikaambiwa nimepitisha kiwango cha matumizi. Kiwango gani, na tuliongea bila kikomo? Tiketi ilikaa siku kumi na moja. Majibu yote yalikuwa sentensi moja: "Ndugu mteja, tunalishughulikia." Tenda ikaenda kwa mtu mwingine.

Hizi maneno zao zinafaa zifunguliwe moja moja, kwa sababu wanazitumia zote.

"Bila kikomo" haiwezekani. Seva ni chuma. Ina diski ya ukubwa fulani, ina memori ya ukubwa fulani. Kile kinafanyika kwa hizi vifurushi vya bei ya chini ni kwamba wateja wengi wanawekwa kwa seva moja. Wewe umeishi ploti, unajua hii hadithi. Tangi ni moja juu ya rufu, familia zote zinateka hapo. Siku msee wa second floor ameamua kuosha kapeti, wewe wa fourth unafungua mfereji unapata hewa. Seva ya pamoja iko hivyo hivyo: jirani yako akipata wageni wengi ghafla, wavuti yako inakwama na hujakosa chochote. Si dhambi kuuza nafasi ya pamoja, hata ploti zinafaa watu. Shida ni kumwambia mpangaji kila mtu ako na tangi yake. Ukisoma masharti yale ya herufi ndogo, utapata kikomo kimefichwa huko chini: idadi ya mafaili, dakika za prosesa, ukubwa wa databesi. Hicho ndicho kifurushi chako. Yale mengine ni bango tu.

Ya pili ni "hewani asilimia 99.9". Inasikika kama daima. Piga hesabu: mwezi wa siku 30 uko na dakika 43,200. Asilimia 0.1 ya hizo ni dakika 43. Kwa mwaka ni karibu saa tisa. Hiyo ni sawa, mtu anaweza kuishi nayo. Lakini ikishuka ikawa asilimia 99 kamili, umepoteza zaidi ya saa saba kila mwezi. Kwa macho, 99 na 99.9 zinakaa ndugu. Na uulize pia: wakikosa kufikisha, wanakurudishia nini? Kama jibu ni hakuna, hiyo si ahadi, ni salamu.

Ya tatu ni "tunakufanyia bekapu". Hapa ndipo watu wanalia. Tarehe 10 Machi 2021, moto ulishika kituo cha seva cha kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Jengo moja la orofa tano liliungua lote. Kuna wateja walikuwa wamelipia bekapu, kumbe bekapu zilikuwa hapo hapo. Hiyo ni kampuni kubwa Ulaya, si msee ako na seva mbili huko River Road. Bekapu inayokaa nyumba moja na kitu inalinda si bekapu. Mimi kila Jumapili jioni nashusha nakala ya mafaili na databesi, moja kwa diski yangu, moja kwa akaunti ya kuhifadhi iliyo kwa kampuni nyingine. Hii tabia ndiyo ilinitoa. Wakati akaunti imesimamishwa na hakuna mtu anashika simu, picha zangu zilikuwa kwangu.

Najua kuna msee tayari anasema, "Ulilipa kidogo, ulitaka nini?" Nakataa hiyo. Huku kwetu tunanunua vitu vya bei ya chini kila siku na tunapata tulichoambiwa. Mama mboga wa Mutindwa akikuuzia sukuma ya kumi, ni kidogo lakini ni sukuma. Hakupei majani ya mti akakwambia ulipe zaidi ndio upate mboga. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 46, inampa mteja haki ya huduma ya ubora unaofaa na habari za kutosha kujua ananunua nini. Haijaandika haki hiyo ni ya wale wa kifurushi cha bei kubwa.

Mwingine anasema, "Si uweke tu kila kitu Instagram na TikTok, wavuti za nini?" Niko huko kote, na ndiko watu wananipata. Lakini hizo ni sebule za wenyewe. Mwaka wa 2009 Yahoo ilifunga GeoCities, na mamilioni ya kurasa za watu zikaondoka hewani. Mwaka wa 2019 Myspace ikasema nyimbo watu walikuwa wamepandisha kwa zaidi ya miaka kumi zimepotea wakihamisha seva. Wasanii wengine hawakuwa na nakala nyingine. Nenda hizo sebule upige story, uite watu. Kazi yako ilale kwako.

Lakini tuwe fair, si kila kitu ni makosa ya hosti. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikawa ya kinyonga Kenya, Tanzania na kwingineko. Kama seva yako iko Ulaya, siku kama hiyo mtu wa Donholm anahangaika kufungua wavuti yako hata kama seva yenyewe iko fiti. Ndio maana inafaa uulize seva iko wapi. Nairobi iko na kituo cha kubadilishana data kinaitwa KIXP, ambapo kampuni za intaneti za hapa zinapitishiana data bila kuitoa nje ya nchi. Kilianza mwaka wa 2000, kikafungwa baada ya Telkom kulalamika, kikarudi 2002. Kabla yake, barua pepe ya kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda nyingine ilikuwa inazunguka ng'ambo kwanza. Kwa hivyo kama wageni wako ni wa hapa, seva ya hapa ina maana. Kama ni wa nje, huenda ya nje ikawa poa zaidi. Usichague kwa sababu ya bendera, chagua kwa sababu ya wageni wako.

Sasa, kuhama. Watu wanabaki na hosti mbaya kwa sababu wanadhani kuhama ni vita. Si vita, ni mpangilio.

Kwanza, shusha nakala yako kabla hujamwambia mtu yeyote unahama. Mafaili, databesi, na barua pepe. Barua pepe ndio watu wanasahau: kama anwani yako inakaa kwa hosti huyo, ujumbe wa zamani hautakufuata wenyewe.

Pili, jaribu hosti mpya kabla ya kumlipa. Mtumie swali Jumapili usiku uone anajibu saa ngapi, na anajibu swali au anakutumia salamu. Muulize bei ya mwaka wa pili. Lipa mwezi mmoja kama inawezekana, usiingie miaka mitatu juu ya punguzo.

Tatu, panga vitu kwa keja mpya kabla ya kuhamisha kibao. Weka mafaili, fungua kila ukurasa, jaribu fomu. Ukiona kila kitu kinafanya, ingia kwa akaunti ya domeni na ubadilishe neimseva, yaani maelezo yanayoambia dunia seva yako iko wapi. Inaweza kuchukua hadi siku mbili kabla watu wote waanze kuona kwako kupya, kwa hivyo acha ile ya zamani iendelee kufanya. Mimi niliziacha zote mbili wiki mbili, na hakuna mgeni hata mmoja alijua nimehama.

Nne, domeni. Hii ndio funguo kubwa. Huku mtaani biashara nyingi zinatengenezewa wavuti na msee fulani, na huyo msee anasajili domeni kwa jina lake na barua pepe yake. Siku mmekosana, duka ni lako na jina ni lake. Domeni inafaa kuwa kwa jina lako, na barua pepe ya akaunti iwe yenye wewe mwenyewe unafungua, na isiwe ile inakaa kwa hosti huyo huyo. Ukitaka kuihamisha unahitaji namba ya siri ya uhamisho. Kwa majina kama ya .com, kanuni za ICANN zinasema kampuni uliyosajili nayo ikupe ndani ya siku tano ukiomba. Majina ya .ke yako chini ya KENIC, ndio wasimamizi wa juu, kwa hivyo ukizungushwa, jua kuna mtu juu ya aliyekuuzia. Mimi nilizungushwa siku tisa. Nilikuwa na kila barua pepe niliyoomba, na tarehe zake. Nilipoandika tena nikiwaambia nimenakili KENIC, namba ikaja jioni hiyo hiyo.

Hiyo ndiyo pointi yangu yote. Sikupata namba kwa sababu walinihurumia. Nilipata kwa sababu hakukuwa na kitu kingine wameshikilia: picha ziko kwangu, keja mpya iko tayari, jina limeandikwa langu. Hosti mpya mimi simwabudu pia. Nimemlipa mwezi kwa mwezi, na kila Jumapili bado nashusha nakala. Akiwa mzuri tutakaa miaka. Akianza mambo, nitahama tena, na safari hii itachukua siku mbili.

Kwa hivyo leo usiku, kabla ya kulala, jibu maswali matatu. Domeni yako iko kwa jina la nani? Nakala ya mwisho ya wavuti yako iko wapi, na ni ya tarehe gani? Na hosti wako akizima kila kitu saa hii, utachukua muda gani kurudi hewani? Ukipata swali huna jibu lake, anza na hilo kesho, kabla hujalipa mwaka mwingine.