Kama ni usiku mmoja tu, Mompox usiende

Wasee, nimeanza kuweka pesa ya safari ya Colombia, na swali ninaloulizwa sana si hata la Escobar. (Hilo nalo liko, asante Netflix.) Swali ni, "Sasa huko Mompox utafanya nini?" Watu wakisikia Colombia wanawaza Medellín, wanawaza Cartagena, bahari, muziki hadi asubuhi. Mimi nawaambia nataka mji mdogo kando ya mto Magdalena, mbali na bahari, mahali jioni watu hutoa viti vya kubembea nje ya mlango na kukaa tu. Hapo ndipo mtu huniangalia kama nimeuza ng'ombe ili ninunue kamba.

Sasa nimesoma mipango mingi ya watu wenye washaenda, na karibu yote inafanana: Cartagena siku nne, Santa Marta siku tatu, halafu Mompox imebanwa hapo katikati, usiku mmoja, "kwa sababu ni pazuri." Maoni yangu ni haya. Huo usiku mmoja ni pesa ya kutupa. Ama ukae siku nne, ama hiyo pesa uitumie kwingine na uache Mompox ipumzike.

Hebu tuhesabu. Kutoka Cartagena kwa basi ni kama saa sita barabarani. Ukitoka asubuhi, unashuka mchana, na mchana wa Mompox si wa kuchezewa. Mji uko kwa bonde la chini, tambarare, limezungukwa na mito na mabwawa. Wewe fikiria Mombasa ya Februari, halafu uondoe ule upepo wa bahari. Ndiyo maana kuanzia saa sita mchana mpaka alasiri mji unajifungia ndani: maduka mengi yanafunga, barabara zinabaki za mbwa na jua. Watu wenye akili wamelala. Mji unaamka jioni, na unaamka tena asubuhi na mapema. Kwa hivyo mgeni wa usiku mmoja anapata jioni moja akiwa amechoka na basi, na nusu asubuhi akiwa anapanga begi. Kisha anarudi kusema, "Ni pazuri lakini hakuna kitu ya kufanya." Bro, hukuwa hapo.

Lakini hata hesabu ya saa si sababu yangu kubwa. Sababu kubwa ni huo utulivu wenyewe, wenye kila mtu anausifu bila kuuliza ulitoka wapi.

Mompox haikuzaliwa kimya. Huu mji umekuwepo tangu karne ya 16, Wahispania wakiujenga juu ya ukingo wa mto kwa sababu mto ndio ulikuwa barabara kuu. Kabla ya lami na ndege, mtu au mzigo ukitoka pwani ya Karibi kuelekea Bogotá ulipanda Magdalena, na Mompox ilikuwa njiani. Dhahabu ilipita hapo. Bidhaa za magendo zilipita hapo pia, nyingi tu. Matajiri wa Cartagena walipenda kuwa na mali huko ndani kwa sababu pwani ilikuwa na maharamia. Ndiyo unaona makanisa makubwa kwa mji mdogo, na nyumba zenye kuta nene na madirisha ya vyuma vya urembo. Tarehe 6 Agosti 1810 mji huu ulitangaza kwamba hautaki tena kutawaliwa na Uhispania, mapema kuliko miji mikubwa iliyokuwa bado inapima upepo. Na mwaka wa 1812 Simón Bolívar alipata vijana wa hapo kama 400 wa kwenda naye vitani. Huo si mji wa kulala.

Halafu mto ukahama.

Sisemi kwa mafumbo. Magdalena ikifika eneo hilo inagawanyika mikono miwili, na Mompox iko kwa mmoja wao. Polepole maji mengi yakahamia mkono wa pili, ule wa Loba, na mkono wa Mompox ukajaa mchanga na tope. Meli kubwa zikaufuata ule wenye kina, biashara ikahamia Magangué. Vibarua wa bandari, wenye maghala, wenye nyumba za wageni, kila mtu akabaki anaangalia maji yenye hayana mzigo. Uliza mtu wa Mtito Andei mambo ya SGR, atakuelewesha haraka kuliko kitabu.

Pesa ilipoondoka, hakukuwa na mtu wa kubomoa nyumba za kale ajenge ghorofa. Ndiyo maana zile barabara tatu zinazofuata mto bado zina sura ya zamani, na ndiyo maana UNESCO iliweka mji huo kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 1995. Kwa hivyo ule utulivu tunaosaka na simu zetu ndio uliobaki kazi ilipokwisha. Haukupangwa na mtu ili sisi tupumue.

Mimi hii kitu inanisumbua, nakubali. Kwa sababu kuna wasafiri wanaolalamika kwamba tangu daraja kubwa la kuvuka Magdalena kutoka upande wa Magangué lifunguliwe mwaka wa 2020, Mompox "inaharibika." Zamani gari lilikuwa linasubiri feri, sasa linapita tu. Eti safari imepoteza utamu. Utamu wa nani? Mama mwenye alikuwa anasubiri feri na mtoto mgonjwa hakuwa anaona utamu wowote. Mtu wa kuuza samaki hakuwa anaona utamu. Mgeni hana haki ya kudai mji ubaki umetengwa ndiyo picha zake zitoke vizuri. Daraja ni lao. Ila hilo hilo daraja ndilo limefanya usiku mmoja uwezekane, na sasa hata kuna wanaoshuka, wanapiga picha mnara wa kanisa la Santa Bárbara, ule wa pembe nane wenye roshani kama wa msikitini, na kuondoka. Pesa yao inabaki kwa mwenye basi.

Sasa, siku nne za kufanya nini? Cheki.

Kuna mshairi anaitwa Candelario Obeso. Alizaliwa Mompox mwaka wa 1849, Mweusi, mama yake alikuwa dobi. Mwaka wa 1877 alitoa kitabu, *Cantos populares de mi tierra*, chenye mashairi yameandikwa kwa Kihispania vile watu Weusi wa mto walikuwa wanakiongea, si vile Bogotá ilikuwa inataka kiandikwe. Herufi zimekatwa, maneno yamemezwa, kama mdomo unavyofanya. Hao watu wa mto waliitwa boga: wanaume waliosukuma mashua kwa miti mirefu dhidi ya mkondo, juani, wiki baada ya wiki, kabla ya meli za moshi na hata baadaye. Biashara yote ya huo mto ilikuwa kwa mabega yao, na wasafiri kutoka Ulaya waliandika wakiwadharau, ati wana kelele. Obeso aliwapa maneno yao wenyewe kwa kitabu. Na usidhani alishindwa na lugha ya shule, maana huyo huyo alitafsiri *Othello* ya Shakespeare. Alijua zote mbili, akachagua. Alikufa mwaka wa 1884, hakuwa hata amefika miaka 40. Kama wewe umewahi kuambiwa Sheng si lugha ya kuandikia, huyo ni ndugu yako, na mimi nataka kukaa kwa ule ukingo wa mto nikiwa nishasoma angalau shairi lake moja kwa Kihispania changu cha kuungaunga.

Kuna muziki. Totó la Momposina jina lake linakuambia anatoka wapi: hicho kisiwa cha mto, wenye Mompox yenyewe iko. Ngoma na nyimbo za vijiji vya huko, damu ya Wahindi wa asili na ya Waafrika waliopelekwa utumwani, ndizo alizozunguka nazo dunia. Mwaka wa 1982 alikuwa Stockholm Gabriel García Márquez akipokea Nobel. Na kama hiyo haikusemi kitu, basi sikiliza "Indian Flute" ya Timbaland na Magoo ya 2003, ile sauti ya mwanamke. Ni yeye. Umeicheza bila kujua.

Kuna mafundi wa filigrana, kazi ya kusokota nyuzi nyembamba za fedha mpaka ziwe hereni au samaki mwenye mkia unaocheza. Ukikaa siku nne utaingia karakana asubuhi, uangalie, urudi kesho ukiwa umeamua. Ukiwa wa usiku mmoja utanunua ya kwanza unayoona. Kuna jibini linalokunjwa kwa tabaka kama kitambaa, wanaliita queso de capa. Kuna mashua za kwenda kwa mabwawa alasiri, ndege wa kila aina, na iguana wamelala kwa miti ya ukingoni kama wamelipa kodi.

Na kuna kukaa. Hapa niwaambie watu wa kontenti wenzangu kitu, najua mtaninunia. Ile picha ya wazee kwa viti vya kubembea barabarani jioni ndiyo kila mtu anaitaka. Lakini hapo nje ni sebule yao. Mlango uko wazi kwa sababu ya joto, si kwa sababu umekaribishwa. Huwezi kuja nyumbani kwa shosho Murang'a, usimame langoni, umrekodi akikatakata sukuma, uondoke bila salamu. Kule salamu ni "buenas," neno moja tu, halitakuvunja. Usiku wa kwanza unasalimia, wa pili unajibiwa na jina la mtaa wako linaulizwa, wa tatu huenda ukapewa kiti. Mimi nimepanga kamera isitoke kwa begi kabla ya huo wa tatu. Kama sitapata video, sawa tu.

Mambo ya mipango sitarefusha. Anza na viza kabla ya kuangalia bei ya tiketi: ubalozi wa Colombia uko Nairobi, na maombi hufanywa mtandaoni. Nairobi haina ndege ya moja kwa moja kwenda Amerika Kusini, kwa hivyo utabadilisha mahali, na hapo ndipo watu huumia, kwa sababu tiketi ya bei ya chini inaweza kukupitisha nchi inayotaka viza ya kupita tu. Soma hiyo kwanza. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri, na ile kadi ya njano usiilaze, inadumu maisha. Beba pesa taslimu kidogo. Miezi ya Desemba hadi Machi ni ya ukavu, na mvua ikizidi huko maji hupanda kweli. Wiki ya Pasaka usiende ukitafuta kimya, manake maandamano ya kidini hujaza mji na vyumba hupanda bei. Kuna pia tamasha la jazz kila mwaka, na hapo ni kelele tamu, lakini ni safari nyingine.

Bajeti yangu ni hivi: nimekata Santa Marta yote na siku mbili za Cartagena, nikazipeleka Mompox. Mbogi yetu ilikuwa watu sita. Niliposema siku nne mji mmoja, bila bahari, wakabaki watatu. Niliposema hakuna kurekodi mpaka siku ya tatu, tukabaki wawili, mimi na binamu yangu, na yeye anasema anakuja kwa sababu ya jibini.